Pole na Kazi, Namba Saba

"Namba saba, kata kushoto," sauti ilisema. "Rudi. Rudi. Rudi kidogo. Basi. Sasa inua."

Foklifti namba saba ikatii. Meno yake mawili ya chuma yakapanda na magunia ishirini ya mahindi, yakapita shelfu ya kwanza, ya tano, ya nane, mpaka yakafika kule ambako taa za dari zilionekana ndogo kama punje. Chini, sakafu yenyewe ilikuwa inawaka. Palipokuwa salama kupita paliwaka kijani. Palipokuwa na mzigo hewani paliwaka nyekundu, na mtu akikosea kuweka hata ncha ya kiatu pale, sakafu ilitetemeka chini ya unyayo wake kumwonya. Watu waliiita sakafu-taa. Foklifti kumi na moja zilipishana juu yake kwenye njia nyembamba bila honi, bila breki kulia, bila dereva kumtukana mwenzake.

Sauti iliyoziongoza zote kumi na moja kwa wakati mmoja ilikuwa sauti ya Sekela Mwakalinga. Lakini Sekela mwenyewe alikuwa amefunga mdomo.

Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha vioo kilichoning'inia juu ya ukumbi, shali mabegani, mkono wa kulia karibu na kitufe chekundu. Kazi yake ilikuwa kujisikiliza. Kwa siku ishirini na nane alikuwa amejisikiliza akisema "rudi" na "basi" na "inua" bila kuchoka, bila kukohoa, bila kumeza mate. Kusikiliza huko kulimchosha kuliko miaka yote aliyosema kwa kinywa chake.

Ghala la Upepo lilikuwa Makambako, pale ambapo treni za sumaku zinazotoka pwani hupunguza mwendo kabla ya kukata kwenda Zambia. Lilikuwa na kumbi mbili. Ukumbi A ulikuwa wa roboti. Huko yalipita maboksi, na boksi ukiliweka linakaa kama ulivyoliweka. Ukumbi B ulikuwa wa magunia. Gunia lina ukaidi wake. Likiinuliwa juu, nafaka ndani yake hutembea, na mzigo uliokuwa umekaa sawa chini unaweza kuamua kulala upande ukiwa juu kabisa. Roboti ziliwahi kujaribiwa kwenye magunia, na siku moja zikamwangushia mzigo mfagiaji. Baada ya hapo ikatungwa sheria ya mkono wa mtu: mzigo wowote unaopita juu ya kichwa cha binadamu lazima ushikwe na mkono wa binadamu.

Ndiyo maana Ukumbi B ulibaki na madereva. Na kwa kuwa dereva akishainua mzigo haoni mbele wala juu, alihitaji mtu wa kumwonea. Mtu huyo aliitwa mwongoza-njia. Kwa miaka tisa, mwongoza-njia wa Ukumbi B alikuwa Sekela.

Sauti-elekezi ilifundishwa kwake. Mashine ilikaa naye kibandani miaka miwili ikimsikiliza. Ilijifunza kwamba "basi" ya namba tatu lazima iwe ndefu, kwa sababu Bi Skolastika anayeendesha namba tatu sikio lake moja ni zito. Ilijifunza kwamba namba nne huongozwa kwa ukali, kwa sababu Jabiri anapenda mwendo. Halafu Injinia Ombeni akayachukua maneno yote yale, akayapitisha kwenye chujio. Maneno ya amri yakabaki. Maneno yasiyo ya amri yakatoka.

Lililotoka kwa wingi kuliko yote lilikuwa pole.

Kabla ya kila safari Sekela alikuwa akisema, "Namba saba, pole na kazi." Dereva akaitikia, ndipo amri ikafuata. Kila mmoja aliitikia kwa namna yake. Jabiri alisema, "Nimepoa kama chai ya kantini." Bi Skolastika aliguna tu. Mzee Lutengano Mligo wa namba saba, aliyekuwa ghalani tangu siku za kwanza, alisema, "Tumeshapoa, mwanangu, labda wewe."

Injinia Ombeni alimwonyesha Sekela hesabu kwenye kioo. "Sekunde nne kwa salamu moja. Safari elfu moja kwa siku. Saa nzima na zaidi, dada Sekela, mnapeana pole."

Hakusema kwa dharau. Alikuwa kijana mpole. Sekela aliitikia kwa kichwa, kwa sababu hakuwa mtu wa kubishana, na kwa kweli hata yeye hakujua kwa nini alikuwa akisema.

Sasa zilibaki siku mbili. Siku ya thelathini, mwongoza-njia angeweka gumba lake kwenye kibao, kushuhudia kwamba Sauti inaweza kuachwa peke yake na watu kumi na moja. Sheria ilitaka gumba hilo na si la mtu mwingine. Akishaliweka, kibanda kingefungwa, kitufe chekundu kingeng'olewa, naye angepelekwa getini kuhesabu magunia yanayoingia. Getini kulikuwa na jua.

Sekela alilitaka jua lile. Miguu yake ilikuwa baridi kwa miaka tisa. Masikio yalilia kama birika hata akiwa kanisani. Nyumbani, dada yake alipommiminia uji, alijikuta anasema "basi" kwa ukali mpaka dada akashtuka na kumwaga.

Mchana ule alishuka kantini. Jabiri alimsogezea kiti.

"Dada Sekela, leo umeniamrisha tangu asubuhi hujavuta hata pumzi. Huna huruma wewe."

"Siyo mimi."

"Sauti si yako? Juzi mke wangu kaniita nikale, nikasimama mlangoni. Anauliza, mbona huingii? Nasubiri aseme ingiza."

Meza nzima ilicheka. Mzee Lutengano alicheka pia, lakini baadaye kidogo, wenzake walipokuwa wanamaliza. Alikuwa anatafuna kitu.

"Unatafuna nini, baba?" Sekela akamuuliza.

Mzee alifungua kiganja. Karafuu mbili. "Dawa ya kofia," akasema.

Kofia-sikizi ndiyo iliyobeba Sauti masikioni mwa dereva. Ilikuwa pia na vijicho viwili vya kuangalia kope zake, na sahani ndogo ya kuhesabu mapigo ya moyo kwenye paji la uso. Kope zikilegea au moyo ukipunguza mwendo, taa ya dereva kibandani iligeuka njano.

"Ukiweka mbili chini ya ulimi, moyo unakwenda mbio," Mzee Lutengano alieleza, kwa utulivu wa mtu anayefundisha kupika. "Tangawizi mbichi ni nzuri zaidi, ila inaunguza."

"Na macho?"

"Macho nimeyafundisha. Yanakaa wazi yenyewe."

"Hata akilala nyumbani yanakaa wazi," Jabiri akadakia. "Mkewe hajui kama amelala au anamchunguza."

Walicheka tena. Sekela hakucheka. "Sasa mnafanya safari ngapi?"

"Zamani tisini," mzee alisema. "Sasa mia na thelathini. Zamani ulikuwa ukikohoa, tunapumzika. Ukipiga chafya, ghala zima linapata nafuu. Huyu wa sasa hakohoi."

"Kwa nini hamsemi, baba?"

"Tuseme nini? Tuseme inatuongoza vizuri mno?" Mzee Lutengano alirudisha karafuu mdomoni. "Wewe ndiye utakayeweka gumba, mwanangu. Ukiona ni salama, basi ni salama."

Alisema bila kulaumu. Sekela angependa alaumu kidogo.

Siku ya thelathini, taa zote kumi na moja zilikuwa kijani tangu asubuhi. Safari zilikwenda kama maji. Saa nane mchana Sekela alitazama chini, akaona foklifti namba saba imesimama mbele ya shelfu ya tisa na mzigo wake umeshafika juu. Njia ya pili, upande wa nyuma wa shelfu ile, Jabiri alikuwa ameshuka kwenye foklifti yake anakaza mkanda uliolegea. Sakafu chini ya miguu yake ilikuwa kijani, maana mzigo wa namba saba ulikuwa haujaanza kuingia shelfuni. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Sekela hakuona kosa lolote. Aliwaza tu kwamba saa moja ijayo angeweka gumba, na kwamba alikuwa hajamuaga Mzee Lutengano kwa kinywa chake mwenyewe. Ilikuwa marufuku kuingilia mawasiliano siku za majaribio. Akaingilia. Akabonyeza swichi ya kipaza sauti, akakohoa kidogo, akasema:

"Namba saba, pole na kazi."

Kukawa kimya. Halafu Mzee Lutengano akaitikia, kwa sauti nzuri, laini, ya mtu aliyeshiba:

"Marahaba."

Kicheko kilimpanda Sekela kooni. Alidhani mzee anatania. Lakini kabla kicheko hakijatoka, mkono wake ulikuwa umeshabonyeza kitufe chekundu.

Ukumbi wote ukawa mwekundu. Foklifti kumi na moja zikajifunga magurudumu. Kule juu, meno ya namba saba yalikuwa yameshaanza kuinama mbele, kiasi cha upana wa mkono, na Sauti ilikuwa bado haijasema "ingiza". Magunia kumi na tisa yalibaki yakiegemeana. La ishirini liliteleza, likapita katikati ya vyuma vya shelfu, likaanguka njia ya pili na kupasuka hatua mbili kutoka alipokuwa Jabiri. Mahindi yakaruka mpaka kwenye vioo vya kibanda.

Jabiri alibaki amesimama, mkanda mkononi. "Mama yangu," akasema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote wa kuongeza.

Walipomshusha Mzee Lutengano macho yake yalikuwa wazi kabisa. Alikuwa anatabasamu. Alipoona mahindi sakafuni, tabasamu likaondoka taratibu.

"Nilikuwa nyumbani," alimwambia Sekela. "Wanging'ombe. Nimekaa mlangoni, watoto wanapita kwenda shule. Wananiamkia mmoja mmoja. Nami naitikia."

Ofisini, Bi Editruda Chaula, mkuu wa usalama, alirudia kumbukumbu za kofia mara tatu. Alikuwa mama mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kwenye kioo, mapigo ya moyo ya Lutengano yalikuwa kijani. Kope, kijani. Mkono kwenye usukani, kijani.

"Hapa hakuna kosa," alisema. "Nieleze, binti. Uliona nini?"

"Sikuona, mama. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nilimpa pole. Akaniitikia marahaba."

Bi Editruda alianza kucheka, akaacha. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Lakini Injinia Ombeni, aliyekuwa amesimama dirishani, aligeuka na uso uliochangamka kama wa mtu aliyepata ufunguo uliopotea. "Kwa hiyo ilikuwa kipimo!" akasema. "Dada Sekela, miaka yote hiyo ulikuwa unapima! Swali moja, jibu moja. Jibu likichelewa au likipotoka, dereva hayupo. Na mimi nikalichuja nikalitupa!" Akajipiga paji la uso. "Nisamehe. Nitalirudisha."

Sekela alitaka kusema kwamba hakuwa akipima. Alikuwa akimpa mtu pole. Lakini Injinia alikuwa ameshainama kwenye kibao chake anaandika, na Sekela hakujua angeeleza vipi tofauti yake bila kuonekana mjinga. Akasema, "Haya."

Majaribio yakaanza upya, siku thelathini nyingine. Sasa Sauti ilitoa pole kabla ya kila safari. Ilikuwa pole ya Sekela, iliyochukuliwa siku moja miaka miwili nyuma alipokuwa amelala vizuri, nayo ilirudiwa hiyo hiyo mara elfu kwa siku, ikipanda kidogo pale pale kwenye "kazi". Mashine ilipewa orodha ya majibu yanayokubalika. Jibu lisipokuwemo kwenye orodha, au likichelewa sekunde tatu, foklifti ilijifunga na dereva alipelekwa kwa nesi, na alama ikawekwa kwenye jina lake. Alama tatu, dereva aliondolewa ukumbini.

Wiki ya kwanza foklifti zilijifunga mara kumi na nne. Bi Skolastika alifungiwa mara mbili kwa kuguna, akabakiza alama moja. Wiki ya pili, mara tatu. Wiki ya tatu, haikujifunga hata moja.

Sekela alijua kwa nini. Aliwakuta kantini. Jabiri alikuwa amesimama kichwani mwa meza na kijiko mkononi kama mwalimu.

"Pole na kazi!" akapiga meza.

"Nimeshapoa asante!" meza nzima ikajibu kwa mpigo mmoja.

"Bi Skolastika, umeguna."

"Sijaguna."

"Nimekusikia. Unataka kwenda kuchuma chai Lupembe? Tena. Pole na kazi!"

"Nimeshapoa asante!"

Mzee Lutengano alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na alama moja tayari. Alijibu na wenzake, macho wazi, shavu limevimba kwa tangawizi, na midomo yake ilimaliza neno kabla ya wote.

Kibandani, Sekela aliyasikia majibu yale tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Nimeshapoa asante. Nimeshapoa asante. Watu kumi na moja walikuwa na koo moja. Alijaribu kuwatafuta ndani yake. Alifumba macho, alibana vipokea sauti masikioni kwa viganja, aliacha kushuka kula ili asimkose hata mmoja. Huyu amelala? Yule yuko macho? Walikuwa wamejifunza kujibu kama vile Mzee Lutengano alivyoyafundisha macho yake kukaa wazi.

Siku ya ishirini na sita alijikaza akaenda kwa Bi Editruda.

"Mama, siku hizi siwasikii."

"Vipokea sauti vimeharibika?"

"Hapana. Wanajibu. Lakini siwasikii wao."

Bi Editruda aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Naye alikuwa na weusi chini ya macho. "Mwezi mzima halijaanguka gunia hata moja, Sekela. Nami nina watu wa juu wananiuliza kila asubuhi. Niwaandikie nini? Kwamba madereva wanajibu vizuri mno?"

Sekela alikuwa amekwisha kuyasikia maneno hayo mahali.

"Weka gumba, mwanangu," Bi Editruda alisema, sasa kwa huruma. "Nenda kwenye jua. Umekondeana."

Siku ya thelathini ya mara ya pili, kibao cha gumba kililetwa kibandani mapema na kuwekwa mezani mbele yake. Kilikuwa kidogo kama sabuni, cheusi, na katikati yake palikuwa na duara jeupe. Saa tisa kasoro dakika chache, duara likaanza kupumua mwanga, kuonyesha kwamba liko tayari.

Taa kumi na moja zilikuwa kijani. Kibanda hakikuwa na taa. Mwongoza-njia hakuvaa kofia-sikizi, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuhesabu mapigo ya moyo wa mtu aliyeketi.

Sekela aliliangalia duara. Aliwaza jinsi kuta za getini zinavyoshika joto. Aliwaza atakavyotoa kiti nje na kunyoosha miguu, na magari yatapita taratibu, na madereva watateremsha vioo kumwamkia.

Chini, foklifti namba saba ilipita mbele ya kibanda. Mzee Lutengano aliinua uso. Kwa miezi miwili hakuna dereva aliyekisemesha kibanda, kwa sababu Sauti haikuhitaji kusemeshwa. Lakini siku ile mzee naye alitaka kumuaga mtu kwa kinywa chake. Akabonyeza swichi ya kofia, iliyofungua kipaza sauti cha kibandani pia.

"Kibandani," akasema, na madereva wote wakasikia. "Pole na kazi, mwanangu."

Ikapita kimya kidogo. Kisha sauti nzuri, laini, ya mtu aliyeshiba, ikaitikia:

"Marahaba."

"Heh!" Jabiri akapiga kelele masikioni mwa watu. "Jamani, mmesikia? Dada Sekela ameshakuwa bibi kizee! Mzee Lutengano anampa pole, yeye anamwitikia marahaba! Mzee, umesahau kupiga magoti!"

Kicheko kilipita foklifti hadi foklifti. Bi Skolastika alicheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikakatika, kwanza kwa mmoja, kisha kwa wote, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekumbuka lile gunia.

Mzee Lutengano alisimamisha foklifti.

"Sekela," akaita. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Uko wapi?"

Sekela alitaka kusema yuko kibandani, angekuwa wapi tena. Akatazama chini. Gumba lake lilikuwa juu ya kibao, limebakiza unene wa punje ya mahindi kugusa duara. Hakukumbuka kulipeleka pale.

"Sijui, baba," akasema. Sauti yake ilitoka na mikwaruzo. "Nilikuwa getini. Kulikuwa na jua."

"Ondoa mkono hapo," mzee akasema, akimtazama kupitia vioo vya kibanda.

Akauondoa.

"Egemea kiti chako. Funga macho. Sisi tupo."

Mzee Lutengano alishusha meno mpaka chini, akazima injini. Jabiri akazima ya kwake. Bi Skolastika akauliza, "Kasema nini?" akaambiwa, naye akazima. Zikazimika moja baada ya nyingine mpaka ukumbi ambao haukuwahi kunyamaza tangu ujengwe ukawa kimya, na upepo wa Makambako ukasikika ukivuta mabati ya paa.

"Namba saba, pole na kazi," Sauti ikasema.

Mzee Lutengano alikuwa amevua kofia, ameikalisha mapajani.

"Namba nne, pole na kazi."

"Nyamaza bwana," Jabiri akaijibu, kwa kunong'ona. "Mwenyewe amelala."

Ngazi za chuma zikalia. Bi Editruda alikuwa anapanda mbio kuja kuona kwa nini ukumbi umesimama. Alifika mlangoni kinywa wazi, akamwona Sekela, kichwa kimeinama begani, shali imeteleza. Akatazama chini, akaona watu kumi na moja wameketi kwenye foklifti zao wakimtazama yeye. Alibaki pale kizingitini akihema. Kisha akanyata mpaka mezani, akakivuta kibao kutoka karibu na mkono wa Sekela, akakitia mfukoni mwa koti lake, akaokota ile shali.

"Njia ni wazi," ilisema Sauti, kwa sauti ya Sekela ya siku ile aliyokuwa amelala vizuri. "Endelea."

Hakuna aliyeendelea.